Mlinzi Mzoefu Asipokuwapo Uwanjani

Mwalimu akiwauliza watoto wa shule, "Nani kati yenu ataka kucheza mbele?" mikono yote huinuka. Akiuliza, "Na nani ataka kucheza nyuma?" watoto hutazamana, na mwisho kazi hiyo hupewa yule aliyechelewa kufika, au yule asiyeweza kukataa. Sababu yake si ngumu kuitambua. Mfungaji wa bao hubebwa mabegani, na jina lake huimbwa njiani mpaka nyumbani. Lakini beki akiifanya kazi yake vema, hapana litokealo. Mpira haukuingia mlangoni, basi. Nani atunge wimbo juu ya jambo ambalo halikutokea?

Kwa hiyo thamani ya beki mzoefu haionekani vema mpaka siku asipokuwapo. Katika somo hili tutatazama timu mbili kubwa zilizomkosa beki wa namna hiyo, moja kwa karibu mwaka mzima, na nyingine kwa siku moja tu. Tena tutajaribu kujua ni kitu gani hasa kilichopotea. Maana watu husema upesi, "Nyuma palikuwa wazi," na jibu hilo ni nusu tu ya habari.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Timu ina wachezaji 11. Mmoja hulinda mlango, nao wale 10 waliobaki hugawanyika mafungu matatu: walinzi nyuma, viungo katikati, na washambuliaji mbele. Walinzi mara nyingi ni wanne, na wale wawili wasimamao mbele ya mlango wao ndio waitwao mabeki wa kati. Kazi yao inayoonekana na kila mtu ni kuuondoa mpira: kuupiga kwa kichwa ukiwa juu, na kumnyang'anya adui ukiwa chini. Lakini kazi hiyo hata kijana mwenye nguvu na miguu myepesi aweza kuifanya. Iko kazi nyingine ya ndani, nayo ndiyo imtengayo mzoefu na mgeni.

Beki wa kati huuona uwanja karibu wote mbele ya uso wake. Mshambuliaji mara nyingi amewapa wenzake mgongo. Kiungo ana watu mbele yake na watu nyuma yake. Ila beki wa kati, pamoja na kipa, huwaona wote. Kwa sababu hiyo yeye huwa macho ya timu, na kinywa chake pia. Huwaambia wenzake, "Sogea kushoto," "Mwache huyo, ni wangu," "Pandeni!" Neno hili la mwisho lina siri kubwa. Ninyi nyote mwaijua sheria ya kuotea: wakati mwenzake apigapo mpira, mshambuliaji aliye katika nusu ya adui asiwe karibu na mstari wa mlango wa adui kupita mpira, na kupita mlinzi wa pili kutoka mwisho. Basi walinzi wanne wakisimama katika mstari ulionyoka, waweza kupanda wote pamoja na kumwacha adui nyuma yao, naye akipewa mpira amekwisha otea. Lakini mmoja akisahau kupanda, akabaki nyuma hatua mbili tu, mstari wote umevunjika na adui yu huru. Chora uwanja mchangani, panga mawe manne kuwa walinzi na jiwe moja kuwa adui, kisha lirudishe jiwe moja kati ya yale manne nyuma kidogo. Utaona mara moja jinsi yule adui anavyopata njia. Watu wanne hawana budi kuisikia sauti moja, tena sauti wanayoiamini.

Mfano mmoja utatuonyesha uzoefu ni kitu gani. Tarehe 31 Machi 2019 timu ya Liverpool ilicheza na Tottenham katika uwanja wa Anfield, mjini Liverpool, Uingereza. Mabao yalikuwa 1 kwa 1, na dakika zilizobaki zilikuwa chache. Ghafula Tottenham wakapata mpira, na wachezaji wao wawili, Moussa Sissoko na Son Heung-min, wakakimbia mbele. Na mbele yao hapana mtu ila beki mmoja, Virgil van Dijk, na kipa nyuma yake. Wawili kwa mmoja! Beki mchanga angalifanyaje? Bila shaka angalimrukia yule mwenye mpira, na mwenye mpira angalimpitishia mwenzake, naye mwenzake angalifunga. Van Dijk hakumrukia. Alirudi nyuma kwa hatua za utulivu, akijiweka kati ya wale wawili ili pasi isipate njia ya kumfikia Son. Alijua kwamba Son ni mfungaji hodari, apigaye kwa miguu yote miwili. Na Sissoko si mfungaji sana, tena mpira ulikuwa ukielekea mguu wake wa kushoto, ulio dhaifu. Basi akachagua. Akamwacha Sissoko asogee, akamzibia Son, na dakika ya mwisho kabisa ndipo alipomwendea yule mwenye mpira. Sissoko akapiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukapaa juu ya mlango. Punde baadaye Liverpool wakapata bao la pili, wakashinda 2 kwa 1.

Angalieni kwamba beki huyu hakuwa ameupiga mpira. Mwenye kuhesabu mipira iliyonyang'anywa na vichwa vilivyopigwa hakuwa na kitu cha kuandika. Walakini pale ndipo mechi ilipookolewa, nayo iliokolewa kwa kichwa kilichokwisha ona mambo kama hayo mara nyingi.

Virgil van Dijk ni Mholanzi, aliyezaliwa katika mji wa Breda mwaka 1991. Hakupanda kwa haraka. Alicheza kwanza kwao katika timu ya Groningen, kisha Celtic ya Scotland, kisha Southampton ya Uingereza, na huko Southampton alikuwa pamoja na Mkenya Victor Wanyama kwa msimu mmoja. Mwezi wa Januari 2018 Liverpool walimnunua kwa paundi milioni 75. Wakati ule hapakuwa na beki duniani aliyepata kununuliwa kwa fedha nyingi namna hiyo, na wengi walicheka. Katika msimu wa 2017 hadi 2018 Liverpool walifungwa mabao 38 katika mechi 38 za Ligi Kuu. Msimu uliofuata, van Dijk akiwamo tangu mwanzo mpaka mwisho, walifungwa 22 tu. Haki yatutaka tuseme kwamba katika mwaka huo wa 2018 walimpata pia kipa mwema sana, Mbrazili Alisson Becker. Kwa hiyo sifa yote isiwe ya mtu mmoja. Tarehe 1 Juni 2019 wakatwaa Kombe la mabingwa wa Ulaya katika mji wa Madrid, na mwaka 2020 wakawa mabingwa wa Uingereza kwa pointi 99, jambo ambalo hawakulipata kwa miaka 30. Katika misimu hiyo miwili van Dijk alicheza mechi zote za Ligi, 38 na 38, hakukosa hata moja.

Mtu asidhani kwamba aliyekuwa na beki huyu hakufungwa kamwe. Tarehe 5 Novemba 2019 Mtanzania Mbwana Samatta, akiichezea Genk ya Ubelgiji, aliruka katika mpira wa kona pale pale Anfield akafunga kwa kichwa, na van Dijk yumo uwanjani. Na tarehe 4 Oktoba 2020 Liverpool walifungwa na Aston Villa mabao 7 kwa 2, naye alikuwamo pia. Mabao 7! Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wako watu wapendao kueleza kila kitu kwa sababu moja, na mpira haukubali kuelezwa hivyo.

Siku 13 baada ya aibu hiyo, yaani tarehe 17 Oktoba 2020, Liverpool walikwenda kucheza na jirani zao Everton. Dakika hazijafika hata kumi, kipa wa Everton alimrukia van Dijk kwa nguvu, na mguu wake ukagongwa vibaya. Alitoka akichechemea. Walipompima waliona kwamba kano moja kubwa ndani ya goti, ile iishikayo mifupa ya juu na ya chini isiteleze, imeumia vibaya. Mwezi huo huo alipasuliwa na waganga, na hakucheza tena mpaka msimu ule ukaisha.

Sasa tuangalie kwa uangalifu yaliyofuata, maana hayakuwa kama mtu awezavyo kukisia. Liverpool hawakuanguka mara moja. Tarehe 19 Desemba waliwafunga Crystal Palace mabao 7 kwa 0 ugenini, na siku ya Krismasi walikuwa juu ya timu zote za Ligi. Wengi wakasema, "Kumbe hata bila ya huyu twaweza!" Nyumba iliyong'olewa nguzo moja huweza kusimama siku nyingi ikiwa hapana upepo.

Lakini upepo ulikuwa umekwisha anza kuvuma. Nguzo ya pili, Joe Gomez, kijana aliyezoea kusimama kando ya van Dijk, aliumia goti mwezi wa Novemba alipokuwa akifanya mazoezi na timu ya taifa ya Uingereza. Naye akakosa msimu wote uliobaki. Wa tatu, Joel Matip, aliumia kifundo cha mguu mwishoni mwa Januari 2021, wakicheza na Tottenham. Naye akawa amemaliza. Beki wa nne waliyekuwa naye zamani, Dejan Lovren, walikuwa wamemwuza mwezi wa Julai 2020, wala hawakununua mwingine mahali pake. Basi timu iliyokuwa bingwa wa nchi haikuwa na beki wa kati mzoefu hata mmoja.

Meneja wao, Mjerumani Jürgen Klopp, alifanya lile ambalo pengine kila mtu angalilifanya. Aliwachukua viungo wake, Fabinho na nahodha Jordan Henderson, akawarudisha nyuma kuwa mabeki. Walikuwa watu wazima, wenye akili ya mchezo, tena Fabinho aliifanya kazi hiyo vizuri sana. Lakini ni nani sasa aliyebaki katikati? Ndipo taabu ya kweli ilipoingia. Mtu aking'oa boriti ya chumba cha mbele ili aegemeze ukuta wa nyuma, ukuta hausimami bila hasara. Paa la mbele huanza kuvuja.

Tokea mwisho wa Desemba hata Januari Liverpool walicheza mechi nne za Ligi mfululizo bila kufunga hata bao moja. Ya nne ilikuwa tarehe 21 Januari 2021, Burnley walipowashinda 1 kwa 0 pale Anfield. Kabla ya siku hiyo Liverpool walikuwa wamecheza mechi 68 za Ligi nyumbani kwao bila kushindwa, tangu Aprili 2017. Basi mlango ulipofunguka, ulifunguka wote. Brighton waliwashinda 1 kwa 0. Manchester City, 4 kwa 1. Everton, 2 kwa 0, nao Everton hawakuwa wameshinda Anfield tangu 1999. Chelsea, 1 kwa 0. Na Fulham, waliokuwa karibu na mkia wa Ligi, 1 kwa 0. Mechi 6 za nyumbani mfululizo walishindwa. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1892, na jambo kama hilo halikuwa limeipata hata mara moja.

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu. Katika mechi hizo 6, Liverpool walifungwa mabao mangapi? Ni 10, na 4 kati yake ni ya siku moja. Mechi nyingine 4 walifungwa bao moja moja tu. Je, timu ifungwayo bao moja ni timu ambayo nyuma yake pako wazi kabisa? Hapana. Bali wao wenyewe walifunga mabao mangapi katika mechi 6? Walifunga bao 1 tu, nalo la penalti! Tazameni msimu mzima vilevile. Msimu wa ubingwa walifunga mabao 85 na kufungwa 33. Msimu huu wa taabu walifunga 68 na kufungwa 42. Mabao waliyofungwa yaliongezeka kwa 9. Mabao waliyofunga yalipungua kwa 17. Waliopotea walikuwa walinzi, lakini hasara kubwa ilionekana mbele. Jambo hili lataka kufikiriwa, na ndilo moyo wa somo letu.

Kwanza, van Dijk alikuwa na mguu wa kulia wenye shabaha. Akiupata mpira nyuma aliweza kuutupa mbali, kukata uwanja kwa mshazari, hata ukatua miguuni pa Mohamed Salah au wa kando mwingine, kabla adui hawajawahi kujipanga. Mashambulio mengi yalianzia kwake, ingawa katika vitabu vya hesabu yaliandikwa majina ya wengine. Beki mgeni huogopa kupiga mpira wa namna hiyo. Humpa mwenzake wa karibu, naye mwenzake humrudishia, na wakati huo adui wote wamekwisha rudi wakajaza nafasi.

Tena beki mwenye mbio na utulivu huwapa wenzake ruhusa ya kuthubutu. Walinzi wa pembeni wa Liverpool, Trent Alexander-Arnold na Andy Robertson, walikuwa na desturi ya kupanda mbele sana, kama mawinga, na kuwapa wenzao mipira ya kufunga. Walipanda kwa sababu walijua ya kwamba mpira ukipotea, nyuma yuko mtu wa kuushughulikia. Mkulima huenda shamba la mbali akijua nyumbani yupo wa kuwatazama watoto. Akiwa hayupo, hulima karibu na mlango, na jioni huona mavuno yamepungua, wala asijue aseme nini, maana kutwa nzima alikuwa akilima.

Hayo ndiyo yaliyowapata. Mstari wa nyuma, usiokuwa na sauti iliyozoeleka, ulisogea nyuma kidogo kwa hofu. Viungo, ambao nao walikuwa wachache na wapya mahali pao, wakaachwa na nafasi kubwa mbele yao na nyuma yao. Timu iliyokuwa imeshikana kama ngumi ikawa kama vidole vilivyoachana. Hata katika mipira ya kona palikuwa na pengo: van Dijk peke yake alifunga mabao 5 ya Ligi katika msimu wa ubingwa, na kila kona alikuwa akivuta macho ya walinzi wawili, wengine wakapata nafasi.

Sipendi kuficha sababu nyingine. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa ugonjwa wa korona, na viwanja vilikuwa vitupu. Anfield isiyo na watu wa kuimba si Anfield. Mshambuliaji Diogo Jota naye aliumia kwa miezi mitatu hivi. Na siku ya Manchester City, kipa Alisson alitoa mpira vibaya mara mbili, na mara zote mbili wakafungwa. Lakini nauliza: kipa anayewatazama mbele yake watu tofauti karibu kila juma, huyu leo na yule kesho, atajuaje nani ataka mpira miguuni na nani ataka upigwe mbali? Mimi naona hata makosa yale hayakuwa mbali na habari ya beki.

Walitokaje shimoni? Mwanzo wa Februari waliwapata mabeki wawili, Mturuki Ozan Kabak na Mwingereza Ben Davies. Davies hakucheza katika timu ya kwanza. Lakini dawa yenyewe haikuwa watu wapya. Ilikuwa kumrudisha kila mtu mahali pake. Tarehe 10 Machi 2021, katika mji wa Budapest, wakicheza na Leipzig ya Ujerumani, Klopp alimrudisha Fabinho katikati, na nyuma akawasimamisha Kabak na kijana Nathaniel Phillips. Phillips hakuwa nyota. Alikuwa mchezaji ambaye timu haikumtegemea, mrefu, mzito kidogo, asiye na madaha ya miguu. Alichokuwa nacho ni kwamba alikuwa beki kweli, tangu utoto wake, na hakujidai kuwa kitu kingine. Mpira ukija juu aliupiga kichwa. Ukija chini aliuondoa. Siku hiyo walishinda 2 kwa 0.

Kabak naye alipoumia, mahali pake alisimama Rhys Williams, mwenye miaka 20, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akicheza Kidderminster Harriers, timu ya daraja la sita. Mabeki wa kati wa Liverpool walikuwa wale wawili ambao mwanzo wa msimu hapana mtu aliyewataja, nao katika mechi 5 za mwisho walisimama pamoja na timu ikashinda zote 5. Tangu kushindwa na Fulham mpaka mwisho, Liverpool walicheza mechi 10 za Ligi, wakashinda 8 na kutoka sare 2. Katika mechi moja, tarehe 16 Mei, wakiwa sare na West Bromwich Albion na muda umekwisha pita, kipa Alisson mwenyewe alikimbia mpaka mbele kwenye kona akafunga kwa kichwa. Walimaliza wa tatu kwa pointi 69. Zile za mwaka uliotangulia zilikuwa 99, toa ujionee.

Na alipopona van Dijk? Msimu wa 2021 hadi 2022 walifungwa mabao 26 na kufunga 94, wakapata pointi 92, moja tu chini ya mabingwa.

Tumeona kukosekana kwa muda mrefu. Sasa tutazame kukosekana kwa siku moja.

Mwaka 2014 Kombe la Dunia lilichezwa Brazil, na Wabrazili walitaka sana kulitwaa nyumbani kwao. Nahodha wao alikuwa beki wa kati, Thiago Silva. Tarehe 4 Julai walicheza na Kolombia katika mji wa Fortaleza, na Silva mwenyewe akafunga bao la kwanza. Baadaye, katika dakika ya 64, kipa wa Kolombia alipokuwa akitaka kuupiga mpira kutoka mikononi, Silva akaenda akamzuia mbele yake. Ni jambo dogo la utukutu, lisilokuwa na faida yoyote; hata kama asingalilifanya, kipa angaliupiga mpira mbele na mchezo ungaliendelea. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano. Alikuwa amekwisha pata moja katika mechi za nyuma, na kwa sheria ya mashindano, kadi mbili maana yake ni kukosa mechi inayofuata. Wakuu wa mpira wa Brazil waliomba kadi ifutwe, wakakataliwa. Katika mechi hiyo hiyo mshambuliaji wao Neymar alivunjwa mfupa wa mgongo, na nchi nzima ikamlilia. Habari za Neymar zilijaza magazeti. Habari za Silva zikawa ndogo. Mfungaji hulilia na watu wengi, beki huliliwa na wachache.

Tarehe 8 Julai, mjini Belo Horizonte, Brazil walisimama mbele ya Ujerumani. Wakati wa kuimba wimbo wa taifa walishika fulana ya Neymar juu, ili aonekane kama yupo. Hakuna aliyeshika fulana ya Silva. Mahali pake alisimama Dante, beki mwema, lakini aliyekuwa hajacheza hata mechi moja katika mashindano hayo. Na unahodha akapewa David Luiz, mwenzake Silva wa siku zote. Huyu Luiz alikuwa mchezaji wa moyo mkubwa. Akiona mpira mbele, huufuata. Silva akiwapo, humwita arudi, au hujaza mahali alipotoka. Siku hiyo hapakuwa na wa kumwita, kwa sababu mwitaji sasa ni yeye mwenyewe.

Ujerumani walifunga katika dakika ya 11, mpira wa kona, na Thomas Müller akaupiga peke yake kana kwamba yu mazoezini. Kisha wakafunga dakika ya 23, dakika ya 24, dakika ya 26, na dakika ya 29. Mabao manne katika dakika zisizozidi saba! Wabrazili hawakuwa wachovu, wala hawakukosa nguvu. Walikuwa wakikimbia kila mmoja upande wake, akijaribu kuziba tundu peke yake na kuacha jingine kubwa zaidi. Saa kama ile timu huhitaji mtu mmoja wa kusema, "Simameni. Rudini nyuma. Tusifungwe tena mpaka mapumziko." Mtu huyo hakuwamo uwanjani. Mchezo ulikwisha 7 kwa 1. Brazil hawakuwa wameshindwa nyumbani katika mechi ya mashindano tangu 1975.

Siku nne baadaye, tarehe 12 Julai, walicheza na Uholanzi kutafuta nafasi ya tatu, na Thiago Silva alikuwapo tena. Watu wakatazamia kwamba mambo yatakaa sawa. Lakini mchezo haujatimiza hata dakika tatu, Mholanzi Arjen Robben akawaponyoka wote, na Silva mwenyewe, kwa kuchelewa, akamvuta. Uholanzi wakapewa penalti wakaifunga. Mechi ilikwisha 3 kwa 0. Katika mechi 5 za kwanza za Kombe lile Brazil walikuwa wamefungwa mabao 4 yote pamoja. Katika hizo 2 za mwisho walifungwa 10, matatu kati yake nahodha wao yumo uwanjani.